Wiki Sita za Deni

Tsongo alinilipa mbwa badala ya fedha:
suruali mbili, koti la arusi ya mdogo wake,
na miezi saba ya "kesho, mama Kahindo, kesho."
Nikamwita Deni, ili kila nikimwita
Tsongo asikie, akipita na chukudu yake.

Miaka mitano alibweka vizuri.
Kisha Jumanne moja akaruka ukuta,
ukuta wetu wa Majengo, mawe meusi
ya mwaka ule mlima uliposhuka mjini,
na nusu ya mbele ndiyo iliyorudi nyumbani,
ikiburuta ya nyuma kama gunia la makala.

Wakaniuliza: Risasi?
Mji huu, hilo ndilo swali la kwanza.
Nikasema: Kuku. Alimfuata kuku.
Sikujua nicheke au niombe radhi.

Daktari Ntakwinja ni wa ng'ombe, alikiri mwenyewe.
Alibana kidole cha mguu kwa koleo
hadi Deni akageuka, akatoa meno.
"Umeona? Maumivu bado yana njia."
Mara ya kwanza nasikia maumivu yakisifiwa.
Akanichorea kwenye karatasi yangu ya vipimo:
kati ya pingili na pingili kuna kitu laini,
kimepasuka, kinabana uzi.
Uzi! Hapo nikaelewa.
Nimeshona miaka thelathini na moja.
Uzi uliobanwa ukiuvuta kwa hasira
unabaki na kipande mkononi.

Wiki sita ndani ya kasha. Asiruke, asipande.
Nililigongomea kwa mbao za mkaratusi
kando ya cherehani, asijione peke yake.
Hilo sikulifikiria vizuri:
kutwa nakanyaga pedali, miguu juu, miguu chini,
naye anaitazama
kama mwenye njaa anavyotazama moshi wa jirani.

Alfajiri, mchana, saa tatu usiku,
napiga magoti, mkono chini ya tumbo,
natafuta kibofu: chungwa dogo, la moto.
Nabonyeza polepole.
Mwanzoni alitazama pembeni kwa aibu.
Mimi pia nilitazama pembeni.
Tukazoea, kama watu wa nyumba moja.
Namgeuza ubavu, asipate vidonda.
Nakunja mguu, nanyoosha, nahesabu
kwa Kiswahili hadi ishirini, kwa Kinande nikichoka.

Jirani akasema juu ya ukuta:
"Watu wanalala bila kula,
wewe unamwosha mbwa matako."
Ni kweli. Jibu sikuwa nalo.
Nikamimina maji mengine ya bidoni, ya kununua,
nikaendelea kumwosha.

Wiki ya nne: hakuna.
Wiki ya nne na siku mbili: hakuna.
Siku ya tatu umeme ulikatika, nikawasha mshumaa,
nikaita tu, bila sababu, "Deni,"
na ncha ya mkia, ncha tu, urefu wa kidole,
ikagonga ubao. Tk.
Nikaita tena, nikidhani ni panya.
Tk.

Sasa namtembeza uani, kitenge chini ya kiuno
(kilibaki kwenye gauni la mtu, usiniulize la nani),
nimeshika ncha mbili kama mwenye kuipua sufuria.
Miguu ya nyuma inaandika vumbini
barua ambayo hata yeye hawezi kuisoma.
Anayumba kama mnywaji wa kasiksi.
Ukuta hataruka tena. Kuku wanajua,
wanapita karibu, hawana hata haraka.

Jana Tsongo alisimamisha chukudu mlangoni.
Ana fedha, zote, amezikunja ndani ya kofia.
"Nimekuja, mama. Dawa ya deni..."
Nikamwambia anyamaze kidogo,
ashike ncha hii ya kitenge, mkono umenichoka,
na asivute.